Namna ya Kukusanya Matangazo ya Klabu za Kihawaii ya Wakati wa Vita

Anayetaka kukusanya matangazo ya klabu za usiku za Marekani zilizopambwa kwa mtindo wa Hawaii wakati wa Vita Kuu ya Pili, na achague kwanza klabu moja au mji mmoja, kwa mfano Hawaiian Room, iliyofunguliwa mwaka 1937 katika Hotel Lexington ya New York. Picha za minazi na wacheza hula (ngoma ya Kihawaii) zilichapishwa kila mahali, na asiyejiwekea mpaka hujaza makasha asipate mkusanyo.

Kazi kubwa ni kuthibitisha mwaka, kwa sababu baadhi ya klabu hizo zilikuwapo kabla ya vita na zikadumu baada yake, na wauzaji nao hupenda kuiita ya vita karatasi yoyote iliyochakaa. Anza na anwani. Namba za kanda za posta zilianza kutumika Mei 1943, kwa hiyo anwani inayosomeka “New York 17, N.Y.” haiwezi kuwa ya 1942; na ikiwa na msimbo wa posta wa tarakimu tano, ni ya 1963 au baadaye. Postikadi za kampuni ya Curt Teich ya Chicago zina alama yake ya kuonyesha mwaka: kwa mfano, 3B-H maana yake kazi hiyo ilipokelewa mwaka 1943, ingawa kadi yenyewe huenda iliuzwa miaka kadhaa baadaye.

Kwa maoni yangu, menyu zina thamani kuliko postikadi, ijapokuwa hazivutii sana macho. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, mara nyingi utakuta maelezo kwamba bei hazizidi kikomo cha serikali kilichotokana na bei za juu kabisa za Aprili 4 hadi 10, 1943, na maelezo hayo hayakuwa na maana yoyote kabla ya vita. Tangazo la gazeti likitaja kodi ya burudani ya asilimia 30, ni la mwaka 1944, kabla kodi hiyo haijashushwa hadi asilimia 20.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya upande wa nyuma. Karatasi inayong’aa rangi ya buluu chini ya taa ya urujuanimno (UV) kwa kawaida ilitengenezwa baada ya vita.

Vipande vya magazeti vina asidi, navyo hugeuka manjano na kumeguka. Vihifadhi katika mifuko ya plastiki ya poliesta, kamwe si ya plastiki ya PVC, pamoja na kadibodi isiyo na asidi, mbali na jua. Usivibandike kwa gundi wala kuvilaminisha.