Pima kiwiko kabla ya ukuta: kupanga jiko kwa njia ya Lillian Gilbreth

Natengeneza makabati ya jikoni. Mteja akinionyesha picha za kwenye simu, namwomba kwanza apike wali na mchuzi kama kawaida yake, nami nikae pembeni na karatasi.

Njia hii ni ya Lillian Gilbreth, mhandisi wa viwanda aliyezaliwa Oakland, Marekani, mwaka 1878. Mumewe Frank alianza kama fundi mwashi. Alichoshwa na kuona waashi wakiinama kwa kila tofali, akabuni jukwaa la kuyainua hadi usawa wa kiuno. Alipofariki mwaka 1924, Lillian alibaki na watoto 11, na wenye viwanda wengi hawakutaka mhandisi mwanamke. Akaigeukia kazi ya jikoni, ingawa mwenyewe kupika hakukupenda hata kidogo.

Chora jiko lako: sinki, jiko la gesi, friji, meza. Mpishi akienda popote, kalamu imfuate. Akimaliza, karatasi itakuwa kama utando wa buibui. Anza na mstari uliokolea kuliko yote. Mara nyingi ni wa kwenda kwenye chumvi na viungo vilivyowekwa ukuta wa mbali. Hamisha vitu, vimfuate mpishi. Katika jaribio la Lillian la kutengeneza keki ya stroberi, hatua 281 zilishuka hadi 45.

Urefu wa kaunta ndio unaonigombanisha na wateja. Makabati ya dukani huja na sentimita 90, awe mpishi mrefu au mfupi. Msimamishe wima, akunje mkono, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Toa sentimita 10 hadi 15: hapo ndipo pa kukatia mboga. Pa kukandia unga wa chapati shusha zaidi, mpishi asukume kwa uzito wa mwili. Kaunta ikiwa juu atanyanyua mabega, na jioni shingo itamuuma. Kama kaunta imeshajengwa, usibomoe. Weka chini yake kibao cha kuvuta kama droo.

Ndoo ya taka ya kukanyaga na rafu za kwenye mlango wa friji ni ubunifu unaohesabiwa kuwa wake. Ndoo ikae pale pale unapomenyea vitunguu.

Kisha pika tena, uchore kwa kalamu ya rangi nyingine. Mistari isipopungua, usipigilie kabati lolote ukutani.