Kausha Kwanza: Namna ya Kupakia Ibuprofeni Ndani ya Silika ya MCM-41

Wanangu mnaoanza mradi, hapa Mombasa adui wa silika, madini yaleyale ya mchanga, ni unyevu wa hewa. MCM-41, iliyotangazwa na watafiti wa Mobil mwaka 1992, ni unga mweupe, mwepesi, na ndani umejaa vitundu vilivyopangika kama sega la nyuki, upana wake nanomita 3 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Molekuli ya ibuprofeni, dawa ya maumivu, ina urefu wa nanomita 1 hivi, kwa hiyo inapenya. Mwaka 2001 María Vallet-Regí na wenzake kule Madrid walionyesha kwamba ikishakaa humo hutoka polepole. Ila kuta za vitundu zina haidroksili tele, yaani vikonyo vya oksijeni na haidrojeni, nazo hushika maji kama zinavyoshika dawa. Maji yakitangulia, dawa haina pa kukaa.

Nilipokuwa mgeni maabara, dirisha likitazama bahari ya Kizingo, niliacha unga kwenye kisahani usiku kucha, kusi inavuma. Nikapakia siku tatu, dawa iliyoingia ikawa kidogo mno. Nilichukua sampuli nyingine moja kwa moja kutoka tanurini nikaiweka kwenye mizani: tarakimu ya mwisho ikapanda, ikapanda tena, nami sijaongeza hata chembe. Ni mvuke wa bahari ule.

Basi unga ukishachomwa nyuzi 550 za Selsiasi kuondoa sabuni iliyotumika kuujenga, na umekaa hata siku chache, urudishe tanurini kwa nyuzi 120 usiku mzima. Upoze ndani ya desiketa, chombo kinachozibwa kisiingie unyevu, yenye silikajeli ya buluu, chembe zinazonyonya maji. Ikigeuka waridi, ibadilishe. Pima upesi, chupa imefunikwa.

Yeyusha ibuprofeni katika kiyeyushi kiitwacho heksani. Msitumie ethanoli, nayo hung'ang'ania kuta zilezile. Heksani hushika moto haraka, kwa hiyo fanyeni kazi ndani ya kabati la kuvuta mvuke. Tia unga, ziba, koroga siku 3. Chuja, suuza mara moja tu, maana ukizidisha unaiosha dawa yenyewe. Kausha.

Kupima inavyotoka, tia unga kwenye bafa ya fosfeti, yaani mmumunyo ambao kiwango chake cha asidi hakiyumbi, ya pH 7.4, nyuzi 37. Chota kidogo kila baada ya muda, rudishia bafa mpya kiasi kilekile, chuja, soma kwenye spektrofotometa, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na dawa, kwa mwanga wa nanomita 264. Saa za mwanzo hutoka nyingi. Hiyo ni iliyoganda nje ya vitundu. Unga huu ni wa majaribio, haumezwi.

Na pembeni ya daftari, kila siku ya kupakia, andikeni unyevu wa hewa.