Somo: Kulifuata Peugeot 404 hadi mnadani, tangu tangazo mpaka nyundo ilie

Wengi mmeniuliza nililipataje lile Pijo la kijivu. Nililifuata kwa wiki sita, na siku ya mnada ndiyo ilikuwa kazi ndogo kuliko zote. Naandika kuhusu Kenya kwa kuwa ndiko ninakonunua. Aliye Tanzania au Uganda achukue sehemu ya ukaguzi, mambo ya karatasi aulize kwao.

Kwanza, kwa nini 404? Gari hili ni letu kwa namna fulani. Lilitoka mwaka 1960, bodi ikichorwa na Pininfarina, na likashinda Safari Rally mara 4: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, na la mbele lilikuwa 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland na Chris Rothwell, waliotoka Tanzania. Baada ya hapo likabeba abiria, kabeji, maharusi na majeneza nchi nzima. Na usitarajie jingine kuja kwa meli, kwani Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Yaliyobaki ni haya haya tuliyo nayo, na kila moja linalokatwa kuwa chuma chakavu linaniuma.

Hatua ya 1: Litafute kwenye tangazo

Kenya Gazette hutoka kila Ijumaa. Ndani yake kuna matangazo ya gereji na yadi zinazotaka kuuza magari yaliyotelekezwa, kwa sheria ya mali isiyochukuliwa na wenyewe. Soma namba za usajili. Namba za siku hizi zinaishia na herufi. Za zamani ni herufi 3 na tarakimu, basi. Ukiona namba isiyo na mkia, simama hapo. Kwa kawaida tangazo humpa mwenye gari siku 30 alipe gharama za kuliweka na alichukue. Hizo siku 30 ni zako pia.

Mali iliyokamatwa kwa amri ya mahakama ina mwendo wake. Hiyo hutangazwa magazetini, na mnada haufanyiki kabla ya siku 7 tangu tangazo la kwanza. Hapo huna muda wa kusitasita.

Hatua ya 2: Nenda ukalione

Vaa nguo za kazi. Beba tochi, kitambaa, na sumaku ndogo. Sumaku uifunge kwa kitambaa isikwaruze rangi, kisha uipitishe polepole chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na chini ya buti. Bodi ya 404 ni chuma, kwa hiyo sumaku inapaswa kunata kote. Kwenye lile langu ilinata vizuri mlango wote wa dereva, halafu upana wa viganja viwili kabla ya tao la nyuma ikaniponyoka mkononi. Nikagonga kwa ukucha: sauti nzito, kama kugonga ukuta wa udongo. Yote hiyo ilikuwa fila, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bodi. Nikainua zulia la nyuma nikaona ardhi ya yadi. Nilifurahi, kwa sababu sasa nilijua ninachonunua.

Injini usiiogope sana. Ni ya sentimita za ujazo 1,618, na slivu zake (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) hutoka, kwa hiyo fundi mzuri hubadilisha slivu na pistoni bila kuitupa bloku. Kichwa cha injini ndicho cha kuangalia. Ni cha aluminiamu, na injini ikiwahi kuchemka hupinda. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona povu jeupe kama uji, maji yameingia.

Vitu vidogo ndivyo vitakavyokutesa: kromu, taa za nyuma zile zilizokaa kwenye mapezi, gia ya kwenye usukani. Pistoni utapata. Taa nzima ya nyuma unaweza kuitafuta mwaka mzima.

Hatua ya 3: Karatasi

Hapa sitafanya haraka, maana hapa ndipo niliumia. Gari langu la kwanza la zamani nililipenda hata sikufuta vumbi kwenye namba ya chesisi. Baada ya kulipa nikakuta injini imebadilishwa na namba haiko kwenye rekodi. Miezi 14 gari lilikaa chini ya turubai, mimi nikizunguka na faili kwapani. Mke wangu alikuwa akiniuliza jioni, "Leo wamesemaje?" mpaka akaacha kuuliza.

Kwa hiyo fanya hivi: toa nakala ya rekodi ya gari kutoka NTSA, mamlaka ya Kenya inayosajili magari, kabla ya mnada. Rudi yadi, safisha namba ya chesisi na ya injini kwa kitambaa na mafuta ya taa, uzipige picha, uzilinganishe tarakimu kwa tarakimu. Hakikisha dalali ana leseni, na umuulize mbele ya mtu: nikishinda, utanipa hati gani za kuhamishia umiliki? Akikujibu "hayo yatajulikana baadaye", ondoka, hata kama gari linang'aa.

Hatua ya 4: Bei yako

Washindani wako katika minada ya miji midogo si wapenda magari ya zamani. Ni wanunuzi wa vyuma chakavu. Wao wanapiga hesabu kwa kilo, kwa hiyo ulizia bei ya kilo mjini hapo ujue watakapokomea. Kisha jumlisha matengenezo, usafiri na gharama za umiliki, utoe kwenye thamani ya gari likiwa zima. Kinachobaki kiandike kwenye karatasi, ukiweke mfukoni. Usikiongeze ukiwa umesimama juani watu wakikutazama.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Fika mapema, lipa amana, chukua namba yako. Angalia gari tena; kabureta inaweza kuondoka usiku. Mimi nilikaa kimya mpaka wanne wakabaki wawili. Mtu wa vyuma alipofika kiwango chake aliacha, nami nikaongeza mara moja tu.

Hatua ya 6: Kulitoa

Lipandishe juu ya lori, usilivute kwa kamba. Difu ya 404 (gia za ekseli ya nyuma) ni ya skrubu, na ikiwa imekaukiwa mafuta miaka yote hiyo, kilomita chache zinatosha kuimaliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Niko Mombasa, gari liko Eldoret. Nimtume fundi peke yake?
Mtume, lakini umlipe kwa kukagua, si kwa kufanikisha ununuzi. Mwambie akupigie simu ya video akiwa na sumaku mkononi, na namba zote mbili zionekane.

Kaka, sumaku inafaa kwa Land Rover za Series?
Kwa sehemu kubwa ya bodi, hapana. Ni aluminiamu, haitanata hata ikiwa nzima. Lala chini uangalie chesisi, ambayo ni chuma na ndiyo huliwa na kutu. Igonge kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma. Ikilia, sawa. Ikibonyea, hesabu chesisi nyingine.

Dalali amekataa tusiguse, tuangalie tu. Je?
Omba kwa adabu uzisome namba na kufungua boneti tu. Akikataa hata hilo, panga bei yako kana kwamba injini imekufa, au uache.

Shikamoo. Nimeona kwenye Gazette namba ya 404 la marehemu baba. Lilipelekwa gereji akiwa mgonjwa, hatukujua liko wapi. Tangazo lina siku 19 tangu litoke. Nisubiri mnada nilinunue?
Marahaba, dada yangu, na pole sana. Usisubiri hata kidogo. Bado ni mali ya familia mpaka liuzwe. Nenda gereji na nakala ya tangazo, cheti cha kifo, kitambulisho chako na karatasi yoyote ya mirathi mliyo nayo. Omba hesabu ya gharama kwa maandishi, kisha ongea nao. Wengi hupunguza wakilipwa mara moja, kwani wanachotaka ni nafasi yao. Kama karatasi za mirathi hazijakamilika, mwone wakili wiki hii hii awaandikie barua wasiliuze. Nitumie namba kwa ujumbe wa faragha. Kama yadi iko upande wa Nakuru, nitakuja na sumaku yangu, na lori nalijua la kukodi.