Nafasi iliyojificha kwenye chumba cha futi 10 kwa 10

Chukua chumba cha futi 10 kwa 10, kama vile vinavyopangishwa kuanzia Ngarenaro ya Arusha hadi Pasua ya Moshi. Sakafu yake ni futi za mraba 100. Kitanda cha 5 kwa 6 kikiingia, 30 zimekwenda. Mlango ukifunguka unakula nyingine kama 7. Bado kochi, meza, jiko na ndoo za maji. Watu wengi wakifika hapo hununua kabati, na kabati lenye futi 4 za upana na 2 za kina linachukua 8 zaidi, bado nafasi ya kufungulia milango yake. Huku uvungu umejaa viatu visivyo na wenzake, na ukuta wote ulio juu ya usawa wa macho una kalenda tu.

Kwa hiyo anza na futi kamba kabla ya kufika dukani. Pima uvungu, pima kutoka juu ya fremu ya mlango hadi silingi, na pima kila ukuta usio na dirisha. Andika namba zote kwenye karatasi moja uende nayo kwa seremala.

Uvungu

Pima kutoka sakafuni hadi chini ya fremu, si hadi kwenye chaga, maana fremu ndiyo itakayozuia boksi kuingia. Ukipata chini ya sentimita 25, nyanyua kitanda. Seremala akukatie vipande vya mbao ngumu vya sentimita 15 kwa 15, kimo 10, na kila kimoja akitoboe juu kishimo cha sentimita moja na nusu kinacholingana na mguu wa kitanda. Kishimo hicho ndicho chenye kazi. Bila hicho mguu huteleza polepole kila mtu anapojigeuza usingizini. Vipande vya tofali vilivyobebanishwa havifai: tofali la saruji humeguka pembeni uzito unapolalia upande mmoja. Kitanda chenye mguu wa katikati kipewe kipande cha tano, la sivyo fremu itapinda. Usipandishe zaidi ya sentimita 15. Juu ya hapo kitanda huanza kuyumba, na mtoto akianguka anaanguka vibaya.

Kitanda cha futi 6 kina urefu wa sentimita 183. Toa miguu, unabaki na kama 165, yaani maboksi mawili ya upana wa sentimita 78 yanaingia yakiwa huru. Kina kiwe sentimita 70, ili safu mbili zitoshe ikiwa kitanda kinafikika pande zote. Kama kimeegemea ukuta, safu ya nyuma iwe ya vitu vya mara moja kwa mwaka. Kimo, pamoja na magurudumu, kipungue sentimita 3 kwenye uwazi ulioupima, kwa sababu chaga hushuka mtu akilala. Pande za boksi plaiwudi ya milimita 9 inatosha. Chini weka ya milimita 12. Mafundi hupenda kuweka hadibodi hapo kwa kuwa ni rahisi, nayo huanza kubonyea mara boksi linapojazwa mashuka na mablanketi.

Kama bajeti haijafika kwa seremala, ndoo na makontena ya plastiki yenye vifuniko yanafanya kazi, ila chagua ya pembe nne. Chombo cha mviringo huacha pembe tupu, na ukivipanga kwa safu zilizonyooka unapoteza zaidi ya asilimia 20 ya eneo.

Unyevu ndio unaoharibu zaidi kuliko wingi wa vitu, hasa Arusha. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na kuanzia Juni hadi Agosti kuta za nje huwa baridi asubuhi nzima. Hewa yenye mvuke ikigusa ukuta baridi huacha maji, na maji hayo ndiyo yanayoleta ukungu kwenye koti na mkoba wa ngozi. Acha upana wa vidole vinne kati ya boksi na ukuta wa nje. Kisichokuwa na magurudumu kikalishe juu ya vipande vya mbao vya inchi 2 kwa 2, kisiguse saruji. Nguo zilizotoka kupigwa pasi zipoe kabla ya kufungiwa. Mvuke wa pasi ukinaswa ndani ya plastiki hauna pa kwenda. Wengine huweka mkaa kwenye kitambaa ndani ya boksi. Unasaidia harufu kuliko unavyosaidia unyevu, kwa hiyo usiutegemee wakati wa masika. Dawa yenyewe ni kutoa kila kitu juani Januari au Februari, kabla mvua za Machi hazijaanza. Moshi iko chini zaidi na ina joto, hivyo huko kazi kubwa ni vumbi: kifuniko kinachobana ni muhimu kuliko nafasi ya hewa, ukiacha miezi ya masika.

Mablanketi na masweta yatoke uvunguni Mei, yarudi Septemba. Ukiyapanga safu ya mbele mwaka mzima unajitesa bure.

Ukuta

Muulize mwenye nyumba kwanza kama anaruhusu kutoboa. Akikubali, fahamu kwamba sentimita moja na nusu hivi ya mwanzo ni plasta, na plasta haibebi kitu. Shelfu nyingi zinazoanguka zilifungwa kwa fisha (kile kiplastiki kinachoingizwa shimoni ili kishike skrubu) iliyoishia humo. Tumia fisha za milimita 8 zenye urefu wa 40, toboa kwa biti ya 8 hadi milimita 65, kisha isukume fisha ipite plasta ikae ndani ya tofali. Skrubu iwe ya milimita 5 kwa 60. Safisha vumbi la shimo kabla ya kuingiza, maana fisha iliyozungukwa na vumbi huzunguka na skrubu badala ya kutanuka. Tofali likiwa bovu na shimo likapanuka, usilazimishe kwa vijiti vya kiberiti: hamia sentimita 5 pembeni, au panua shimo uingize fisha ya 10. Usitoboe moja kwa moja juu ya swichi wala soketi, kwani mara nyingi waya hupanda wima kutoka hapo.

Mbao ya inchi 1 kwa 10 inatosha, breketi zikiwa kila sentimita 60 au chini ya hapo. Mkono mrefu wa breketi ukae ukutani, si chini ya mbao. Wengi hufanya kinyume ili mbao ishikwe vizuri, lakini kinachong'oka daima ni skrubu ya juu, na kadiri mkono wa ukutani unavyorefuka ndivyo skrubu hiyo inavyovutwa kwa nguvu ndogo. Mita moja ya vitabu ina kilo 25 hadi 30. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20 peke yake, nayo mahali pake ni chini. Paini mbichi itapinda, hivyo ilaze kivulini wiki kadhaa ikiwa na vijiti katikati kabla ya kuifunga.

Juu ya mlango shelfu ya kina cha sentimita 30 hupokea masanduku ya safari na vyombo vya sikukuu. Vitu vyepesi tu, kwa kuwa watu wanapita chini yake. Juu ya silingi usiweke chochote. Jipsamu haibebi uzito, joto la bati huko juu ni kali, na panya watakushukuru.

Nguo za kutundika zinahitaji bomba la chuma la inchi 1, likiwa sentimita 30 kutoka ukutani ili hanga zisigonge. Kama ni mashati na suruali za kukunja, weka mabomba mawili, la chini sentimita 100 na la juu 200; gauni refu linataka 165 peke yake. Anayepita soko la mitumba la Memorial kila Jumamosi bomba la tatu halitamsaidia.

Anayekatazwa kutoboa amtafute fundi wa kuchomelea amtengenezee shelfu ya engo, kimo mita 1.8, kina sentimita 40, ya kufunguka kwa bolti ili siku ya kuhama ipite mlangoni. Vizito vikae chini. Omba walau skrubu moja ya kuishika ukutani kwa juu, hasa kama kuna mtoto anayepanda vitu.

Mahindi ya kutoka kijijini yasilale sakafuni. Kabla ya kuyafunga, tia kiganja cha nafaka na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, yarudishe juani. Yakikauka, mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa unaua dumuzi bila dawa, mradi kila tabaka lifungwe peke yake na panya wasiutoboe.

Mtungi wa gesi usiingie uvunguni wala kabatini, hata ule mdogo wa kilo 6. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, na uvungu ndipo inapojikusanya. Mtungi uwekwe wima karibu na dirisha au mlango.