Taa zikizima, feni isizime: acheni kufunga vyote kwenye taima moja

Naandika hili kwa sababu kosa ni lilelile, mtu anabadilisha chumba, anabadilisha taa, kosa linabaki. Wale mnaolima saladi, rihani na miche ndani ya chumba kwa taa za LED, nendeni sasa hivi mkafuate nyaya. Wengi mtakuta taa na feni zimechomekwa kwenye ekstensheni moja, na ekstensheni yenyewe imechomekwa kwenye taima moja. Saa 16 za mwanga zikiisha vyote vinazima kwa pamoja, chumba kinabaki kimya, na kuanzia hapo ukungu unaoozesha majani unaanza kazi.

Habari za mbegu, trei, mbolea ya maji na pH siziingizi hapa, hizo mnazijua.

Tuanze na hesabu maana bila hesabu hamtaniamini. Chukua chumba ambacho taa zikiwaka joto ni nyuzi 24 na kipima unyevu kinasoma asilimia 65. Hapo mimea iko sawa kabisa. Sasa taa zimezima, joto limeshuka mpaka nyuzi 18, hakuna aliyemwaga maji wala kupuliza kitu chochote, mvuke uliomo hewani ni uleule, lakini kipima unyevu sasa kinasoma kama asilimia 94. Kwa nini? Kwa sababu hewa ya baridi haina nafasi ya kubeba mvuke mwingi. Likishuka tena nyuzi 1 tu, likafika 17, hewa imejaa na maji yanaanza kukaa juu ya majani, kwenye kuta, mpaka kwenye taa zenyewe. Na hiyo ni hesabu ya chumba ambacho hakijaongezewa mvuke, wakati sote tunajua trei zina maji na mimea inaendelea kupumua.

Jani likibaki limelowa usiku kucha, ukungu wa kijivu hauhitaji mwaliko. Asubuhi unakuta majani ya chini yamelegea na yana utelezi, miche imekatika shingoni, unaanza kutafuta dawa ya kupuliza. Kupuliza nini jamani? Unaongeza maji juu ya maji! Dawa haiwezi kushindana na chumba kinacholowa kila siku kwa muda uleule.

Sasa ile sababu mnayoipenda, eti feni inakula umeme. Tupige hesabu. Taa 4 za wati 100 kwa saa 16 ni uniti 6.4. Feni ya wati 30 kwa zile saa 8 za giza ni uniti 0.24. Yaani umelipia uniti 6.4 kukuza saladi halafu unaiozesha ili uokoe robo uniti, hiyo sio kubana matumizi.

Kinachotakiwa ni hiki. Feni ya kuzungusha hewa ndani haina haja ya taima kabisa, inawaka saa 24. Ielekeze ipite juu kidogo ya majani, sio kuyachapa. Kasi ya hewa kwenye majani iwe kati ya mita 0.3 na 0.5 kwa sekunde, kama huna kifaa cha kupimia basi angalia majani, yanatakiwa yatikisike kidogo tu, ukiona yanajikunja au yanalala upande mmoja umezidisha. Shelfu za ghorofa kila ghorofa iwe na feni yake ndogo, maana feni moja ya ukutani haifiki kwenye shelfu ya chini nyuma kabisa, na huko ndiko uozo unakoanzia.

Feni ya kutolea hewa nje ndiyo iwe na taima yake peke yake. Pima chumba: urefu mara upana mara kimo. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 22.5, ukitaka hewa yote ibadilike kila dakika 3 unahitaji feni ya kusukuma kama mita za ujazo 450 kwa saa, na uongeze kidogo kama kuna chujio au bomba lenye kona maana vinapunguza nguvu. Taa zikiwaka iendeshe kwa kadiri ya joto. Taa zikikaribia kuzima iwashe mfululizo, saa 1 kabla na saa 1 baada. Hiyo saa 1 baada ndiyo wengi wanairuka na ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu joto linashuka haraka zaidi hapo mwanzoni. Baada ya hapo dakika 15 inawaka, dakika 15 inapumzika, mpaka taa ziwake tena.

Kumwagilia: mwisho ni saa 2 kabla ya taa kuzima. Sio dakika 10 kabla ya kufunga mlango kwa sababu ndio umekumbuka. Na kama taa zako zina kitufe cha kupunguza mwanga, punguza taratibu kwa dakika 30 za mwisho ili joto lisianguke ghafla. Tofauti ya joto la taa zikiwaka na taa zikizima isizidi nyuzi 5 au 6.

Kuna hali ambayo feni ya kutolea haitakusaidia, nayo ni msimu wa mvua, nje kumelowa kuliko ndani, unavuta unyevu unauleta mwenyewe. Hapo punguza kuvuta hewa ya nje na upashe chumba joto kidogo. Ule mfano wetu wa asilimia 94 kwenye nyuzi 18, ukipandisha mpaka nyuzi 21 tu inarudi kwenye 78 hivi. Mashine ya kukausha hewa ni nzuri zaidi maana inatoa maji na inatoa joto kidogo kwa wakati mmoja, ila hita au mashine hiyo isiungwe kwenye ekstensheni ya taa, soma ampea zilizoandikwa kwenye taima na kwenye soketi, hivi vitaima vidogo vya kuchomeka vina kikomo chake na vikizidiwa vinayeyuka.

Kipima unyevu nacho, naona mnakitundika mlangoni ili msome bila kuingia. Kishushe mpaka usawa wa majani, kiwe kivulini ili taa isikipige moja kwa moja. Nunua kile kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini, kisome asubuhi kabla taa hazijawaka. Gizani unyevu usivuke asilimia 80, ukikaa kwenye 70 na kitu ni bora zaidi. Namba ya wakati taa zinawaka sitaki mnitumie, hiyo siku zote ni nzuri.

Halafu wale ambao saladi inaungua kingo za majani ya katikati, hiyo mara nyingi ni hewa iliyosimama wakati taa zinawaka. Majani ya moyoni hayapati upepo, hayavuti maji, kalisiamu haifiki, na wewe unazidi kumimina kalisiamu kwenye tenki. Feni ipulize kutoka juu kuingia katikati ya mmea. Kama bado, punguza mwanga: mikromoli 250 (kipimo cha mwanga unaofika kwenye kila mita ya mraba kila sekunde) kwa saa 16 ni moli 14.4 kwa siku, zinatosha saladi, anayesukuma kupita moli 17 akutane na kingo nyeusi asilalamike.

Ukipatia, asubuhi majani ni makavu na kuta ni kavu, basi.

Mapanga ya feni yafutwe vumbi kila wiki 2, umeme ukiwa umechomolewa, na ile ekstensheni ya taa na feni pamoja itenganisheni leo kabla taa hazijazima.