Kutengeneza na Kuendesha Gari la Kulala la Dizeli la 4x4: Hesabu ya Uzito Kwanza

Anayetaka gari la kulala litakalompandisha hadi lango la Chorlim katika Mlima Elgon, kisha limteremshe salama kwenye mteremko wa Sachangwan akirudi Nakuru, aanze na kalamu na karatasi kabla ya kumwita fundi wa kuchomelea. Kila kitakachotiwa ndani, kuanzia ubao wa kitanda hadi lita ya mwisho ya maji, kitabebwa na springi, kitapandishwa na injini na kitazuiwa na breki, hivyo gari ambalo kilo zake hazikujumlishwa litamsumbua mwenyewe hata likitengenezwa na fundi hodari. Mali bila daftari huisha bila habari. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa na mtengenezaji wa gari, toa uzito wa gari likiwa tupu, na kinachobaki ndicho utakachogawa kati ya watu, samani, maji, mafuta na mizigo. Mimi ningeacha sehemu ya tano ya salio hilo bila kuigusa, kwa sababu safari huongeza vitu ambavyo karatasi haikuvitaja.

Kuhusu gari lenyewe, sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lenye zaidi ya miaka 8, na jambo hilo pekee hupunguza orodha. Toyota HiAce ya dizeli ya 4x4, yenye umbo lile lile la matatu zetu, ina faida kubwa kwamba vipuri vyake vinapatikana Nakuru, Kisumu, Kakamega na Kitale, na mafundi wanaijua kwa kuipapasa. Hata hivyo, ieleweke mapema kwamba mfumo wake husukuma zaidi magurudumu ya nyuma na kuyapa ya mbele nguvu pale ya nyuma yanapoteleza, na haina gia za chini za ziada za kutambaa polepole kwenye mawe au matope mazito. Mitsubishi Delica Space Gear inazo gia hizo, lakini ilikoma kutengenezwa Japani mwaka 2007, kwa hiyo utainunua kwa mtu aliye nayo hapa nchini tayari. Ukiikagua, lala chini uitazame chesisi na sakafu kwa tochi, ugonge kwa kipini cha bisibisi kila palipovimba rangi. Kutu iliyofichwa na rangi mpya hutoa sauti butu.

Injini isiyo na turbo, yaani kifaa kinachoshindilia hewa zaidi ndani ya injini, itakuchosha katika nyanda zetu za juu. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ilhali Timboroa inapita mita 2,700, na huko juu hewa imepungua kwa karibu robo ikilinganishwa na pwani. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Jambo la pili ni usafi wa dizeli, kwa maana nozeli za injini za kisasa hazivumilii maji wala mafuta ya taa yaliyochanganywa. Mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzima uchanganyaji huo, lakini bado ni busara kujaza tangi katika vituo vyenye wateja wengi, na kulegeza mara kwa mara kizibo cha chini ya chujio ili maji yaliyotuama yatoke.

Kazi ya bodi huanza kwa kukata paa ili kuweka kipitisha hewa, na hapa ndipo haraka huleta hasara. Mchoro ukishapigwa, toboa pembe nne, bandika utepe wa karatasi pembeni ili msumeno usikwaruze rangi, kisha kata taratibu huku mwenzako akishikilia bati kwa ndani lisitetemeke. Ukingo ulainishwe kwa tupa mpaka kidole kipite bila kukwama, upakwe rangi ya kuzuia kutu, na ukauke kabisa kabla ya gundi ya kuzibia kuwekwa. Zoa chembe zote za chuma siku hiyo hiyo, hata zile zilizojificha kwenye mifereji ya paa, kwa sababu mvua moja ya jioni inatosha kuzigeuza kuwa madoa mekundu yanayokula rangi.

Kwa samani, mbao hula uzito kuliko watu wanavyodhani. Karatasi moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 12 hufika kilo 20 hivi, na ya milimita 6 ni nusu yake; kwa hiyo tumia ile nene mahali panapokaliwa au kulaliwa, na nyembamba yenye fremu ya mbao za saipresi kwingine kote. Tangi la maji la lita 60 ni kilo 60, nalo likae chini, mbele ya ekseli ya nyuma, huku betri ikiwekwa upande wa pili ili gari lisilale upande mmoja. Juu ya paa pabaki paneli ya jua tu. Kila kitu kifungwe kwa boliti zinazoshika chuma cha gari, kwa kuwa skrubu zilizoshika bati tupu hung'oka kwenye barabara ya changarawe.

Hesabu ya umeme si ngumu. Friji ndogo ya volti 12 inayotumia wati 45, ikifanya kazi nusu ya siku katika joto la Kisumu, humaliza takriban wati-saa 540. Taa na simu zitakufikisha 700. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 huhifadhi karibu wati-saa 1,280 na ina uzito wa kilo 12 hivi, ilhali ya risasi ya ukubwa huo huo hupita kilo 25 na haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Paneli ya wati 200 chini ya jua letu yaweza kurudisha wati-saa 700 na zaidi kidogo siku isiyo na mawingu. Fyuzi kubwa iwe karibu kabisa na betri, maana waya unaochunwa na ukingo wa bati kabla ya kufika kwenye fyuzi ni moto unaosubiri kuwaka. Birika la umeme liache nyumbani: wati 2,000 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 160.

Pikia mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, uliowekwa kwenye sanduku lenye tundu la kutokea nje sakafuni, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Jiko la makaa lisiingizwe ndani hata kwa kuota moto baridi ya Molo ikizidi. Hewa yake yenye sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Madirisha yote yapate wavu wa mbu, na ukienda ukanda wa ziwa ongeza chandarua kitandani.

Mabadiliko ya bodi yapelekwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama ili gari likaguliwe na hati zirekebishwe, na kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi.

Gari likikamilika, lijaze maji na mafuta, liweke watu wako wote ndani, ulipeleke kwenye mizani, kila ekseli ipimwe peke yake. Kisha jifunze kuliteremsha. Ukitoka Mau Summit kuelekea Salgaa, ingiza gia ya chini kabla mteremko haujaanza, uiache injini ishike gari, na ukanyage breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uiachie ipoe. Breki inayokanyagwa kidogo kidogo bila kuachiwa hupata joto hadi mafuta yake yachemke, na hapo pedali huzama bila kushika kitu. Mafuta hayo hufyonza unyevu, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka 2.

Kwenye udongo mweusi wa Kano au mashamba ya miwa ya Chemelil, shuka ukapime matope kwa fimbo kabla ya kuingia. Punguza upepo wa tairi, kwa mfano kutoka pauni 45 hadi karibu 28, ili tairi litandaze mguu wake, uingie kwa gia moja bila kubadilisha katikati, na ukitoka ujaze tena kwa pampu kabla ya kukimbia. Ikiwa gari lina kufuli la kati, linalolazimisha magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa mwendo mmoja, lisifungwe kwenye lami kavu, kwa sababu magurudumu hayazunguki sawa kwenye kona na shafti hujikaza hadi kitu kivunjike. Mto Nyando unapofurika, jua mdomo wa hewa ya injini yako uko kimo gani; maji hayashindiliki, na kikombe kimoja kikiingia silinda hupinda vyuma vya ndani. Baada ya kuvuka maji ya kina, fungua kizibo cha difu, lile bonge la gia lililo kwenye ekseli, uangalie mafuta: yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, nayo yamwagwe na kubadilishwa kabla ya safari ya kurudi.