Upande wa Minnesota wa ukoo wa watoto wetu: pa kuanzia kutafuta

Wengi wetu huku Minnesota tumeoa ama tumeolewa na watu wa hapa, watoto wana nyanya Kisii na nyanya mwingine St. Cloud. Mtoto akiuliza upande wa nyumbani unampigia mzee simu anataja majina mpaka babu wa babu yake bila kukwama, lakini upande wa wakwe unaambiwa tu "tulitoka Norwe zamani", basi. Isiishie hapo jamani. Hili jimbo liliandika watu wake vizuri sana na mengi unayapata bure.

Kabla ya intaneti kaa na wazee wa upande huo wakiwa bado wapo. Uliza jina la mama kabla hajaolewa, kanisa lao, na zaidi ya yote kaunti waliyoishi, manake rekodi nyingi za zamani ziliwekwa kikaunti.

Halafu ingia tovuti ya Minnesota Historical Society. Wana indeksi (orodha ya majina) ya waliozaliwa kuanzia 1900 na ya waliokufa kuanzia 1908, kutafuta jina ni bure, kopi ya cheti ndio unalipia. Mimi nasema anza na kifo, sababu cheti cha kifo mara nyingi kina jina la baba na mama wa marehemu na walikozaliwa, kwa hiyo karatasi moja inakurudisha nyuma kizazi kizima. Ila angalia nani alitoa hayo maelezo, jina lake liko palepale. Kama ni mkwe aliyemjua marehemu uzeeni, hayo ya utotoni usiyaamini moja kwa moja.

Sasa sensa, na hapa ndio Minnesota inakusaidia kweli. Sensa ya Marekani ya 1890 karibu yote iliharibika baada ya moto wa Washington mwaka 1921, kwa hiyo watu wengi wanakwama kati ya 1880 na 1900, na ni miaka hiyohiyo wahamiaji walimiminika huku. Lakini jimbo lilikuwa na sensa zake lenyewe, 1865, 1875, 1885, 1895 na 1905, na unazipata FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, unafungua akaunti bure. Za 1895 na 1905 ziliuliza mtu amekaa jimboni muda gani. Ukimkuta babu kwenye ya 1895 ameandikiwa miaka 13, piga hesabu, aliingia kama 1882. Kumbuka hapo ni kuingia Minnesota sio Marekani, wengi walipitia Wisconsin ama Illinois kwanza.

Majina yatakusumbua. Wanorwe na Waswidi wa zamani walienda kama watu wa Pwani, mtoto anabeba jina la baba, kwa hiyo Karl mtoto wa Anders ni Andersson hata kama Anders mwenyewe ni Johansson. Wakifika huku wengine wakachukua jina la shamba walilotoka. Usitafute kwa jina la ukoo peke yake, weka na kijiji, umri na jina la mke.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui kabisa ni fomu za 1918. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia jimbo liliamuru kila asiye raia ajiandikishe, hata aliyekuwa amekaa hapa miaka mingi. Wakaulizwa walifika lini na bandari gani, majina ya watoto, mali walizonazo, na kama wana ndugu wanaopigana vitani na upande gani. Ukisoma unaona walivyoshukiwa, na kwa sisi tuliojaza makaratasi ya uhamiaji mpaka tukachoka, inagusa. Kwa mtafiti ni hazina, familia nzima iko kwenye fomu moja. Karatasi za uraia za kabla ya Septemba 1906 kwa kawaida zina maelezo machache sana, zisikuvunje moyo.

Ukitaka kwenda mwenyewe, nenda Gale Family Library, maktaba ya hao hao Minnesota Historical Society, pale History Center, St. Paul, ni bure ila angalia saa zao kwanza, na uende na majina na kaunti tayari. Na ukikuta jambo zito, mtoto wa nje ya ndoa ama mtu aliyefia hospitali ya wagonjwa wa akili, usiliposti kwenye grupu la familia. Mwambie mama mkwe kwanza mkiwa wawili, aamue yeye.